Karo la Maji Machafu: Deni la Nyuma ya Nyumba

SOMO LA HISTORIA KWA REDIO
Kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

(Kwa mwalimu wa darasa: Kabla ya kipindi kuanza, andika ubaoni maneno haya sita: karo, tope, mfereji, kipindupindu, vijidudu, koki. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili. Maana zake zimo mwishoni mwa somo.)

Mwenye kitabu na akifungue, mwenye kalamu na aiweke tayari, na walioketi nyuma wasogee karibu na redio.

Somo la leo ni la historia. Tutazungumza habari za kitu ambacho kila mji unacho, wala hakuna apendaye kukitaja mbele ya wageni. Kitu hicho ni karo. Wanafunzi walioko Kenya wasidhani kwamba nasema ada ya shule. Nasema shimo au tangi lililojengwa kwa mawe, matofali au saruji ili lipokee maji machafu ya chooni na bafuni. Siku hizi matangi ya namna hiyo yamefungwa hata chini ya magari ambayo watu husafiri, hupika na hulala ndani yake. Huko tutafika, lakini twende polepole.

Nataka mshike jambo moja tangu mwanzo. Karo haliondoi uchafu. Karo lauweka tu, mpaka siku ya kuuondoa. Kwa hiyo mtu ajengaye karo amekopa. Nanyi mwajua walivyosema wazee, kwamba dawa ya deni ni kulipa. Leo tutaona jinsi watu wa miji mbalimbali walivyolichukua deni hili, na mambo yaliyowapata walipochelewa kulilipa.

1. Sakafu ya Erfurt

Twaanza Ujerumani, katika mji wa Erfurt. Tarehe 26 Julai, 1184, mfalme kijana Henry wa Sita aliwaita wakubwa wa nchi ili asuluhishe ugomvi wa wawili miongoni mwao. Watu walikuwa wengi, nao walikutana katika chumba cha ghorofani. Sakafu ilikuwa ya mbao, na mbao hazikuweza kuchukua uzito ule. Ilivunjika ghafula. Watu walianguka, wakavunja na sakafu ya chini, wakatumbukia katika shimo kubwa la uchafu wa vyoo lililokuwa chini ya nyumba. Watu wapatao 60 walikufa, wengine kwa kuangukiwa na mbao na mawe, wengine kwa kuzama. Mfalme mwenyewe alipona kwa kuwa alikuwa ameketi penye dirisha, juu ya ukuta wa mawe.

Katika miji mingi ya Ulaya ya siku zile, shimo la choo lilikuwa chini ya nyumba au karibu nayo sana. Watu walikula, walilala na kufanya mashauri yao juu ya uchafu wao wenyewe. Kwa kuwa hawakuuona, waliusahau.

2. Wachotaji wa usiku

Sasa na tuvuke bahari twende London, mji mkuu wa Uingereza. Kwa miaka mingi nyumba za London zilikuwa na mashimo ya matofali. Shimo lilipojaa, mwenye nyumba aliwaita watu wenye kazi ya kuchota. Watu hao walifanya kazi usiku, watu wengine wakiwa wamelala. Mmoja aliingia shimoni na ndoo, wengine walivuta kamba, wengine walibeba mpaka kwenye gari la farasi. Uchafu ulipelekwa nje ya mji na kuuzwa kwa wakulima, uwe mbolea ya mashamba.

Kazi ile ilikuwa ya hatari na ya dharau, lakini mji haukuweza kuishi bila watu wale. Tena ilikuwa na gharama. Mwenye nyumba bahili, au mwenye kupangisha maskini, alingoja na kungoja. Shimo lilijaa, likamwagika, likapita katika ukuta mpaka kwa jirani. Mtu mmoja aliyeitwa Samuel Pepys, karani mkubwa wa mambo ya manowari, aliandika katika kitabu chake cha kila siku, mwezi wa Oktoba 1660, kwamba aliposhuka katika chumba cha chini cha nyumba yake alikanyaga rundo la uchafu. Shimo la jirani lilikuwa limejaa na kufurika upande wake. Basi mwaona kwamba deni la karo si la mwenye karo peke yake. Jirani naye hulilipa.

Baadaye kulikuja jambo jipya, nalo liliharibu hesabu yote. Mwaka 1778 fundi Joseph Bramah alipata hati ya serikali kwa choo chake cha kuvuta maji. Choo hicho kilipendwa sana kwa sababu kiliondoa harufu chumbani. Lakini maji yale yalikwenda wapi? Yalikwenda shimoni. Shimo lililojaa kwa muda mrefu sasa lilijaa upesi. Na watu nao waliongezeka. Mwaka 1801 London ilikuwa na watu karibu milioni moja. Mwaka 1851 walikuwa zaidi ya milioni mbili. Mashimo yalikuwa mengi, ya zamani, yamechoka, na matofali yake yameanza kulegea.

3. Kisima cha Broad Street

Ndugu wasikilizaji, sasa twafika katika kiini cha somo letu. Sikilizeni kwa makini.

Mwaka 1854, mwishoni mwa mwezi wa Agosti, kipindupindu kilizuka katika mtaa wa Soho, London. Ugonjwa huu mwaujua. Mtu huharisha na kutapika maji matupu, na asipotibiwa aweza kufa siku ile ile. Katika siku tatu tu, watu 127 walikufa katika barabara iitwayo Broad Street na sehemu za karibu. Walio na uwezo walifunga nyumba wakakimbia. Mpaka ugonjwa ulipokwisha, watu zaidi ya 600 walikuwa wamekufa.

Wakati ule matabibu wengi waliamini kwamba kipindupindu hutokana na hewa mbaya, yaani ile harufu ya uchafu. Daktari mmoja, John Snow, hakukubali. Alisema kwamba ugonjwa umo katika maji ya kunywa. Lakini kusema si kuonyesha, kwa hiyo alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza: nani amekufa hapa, naye alikunywa maji ya wapi?

Aliona kwamba wengi waliokufa walikunywa maji ya kisima cha pampu kilichokuwa katika Broad Street. Palikuwa na nyumba ya maskini karibu na pale, yenye watu 535. Waliokufa humo walikuwa watano tu. Kwa nini? Nyumba ile ilikuwa na kisima chake. Palikuwa na kiwanda cha pombe chenye wafanya kazi zaidi ya 70. Hakufa hata mmoja kwa kipindupindu. Kwa nini? Walipewa pombe ya kunywa, na kiwanda nacho kilikuwa na kisima chake. Tena palikuwa na mama mmoja mjane aliyekaa mbali, huko Hampstead, mahali ambapo ugonjwa haukufika. Naye alikufa. Snow aliuliza, akaambiwa kwamba mama yule aliyapenda maji ya Broad Street kwa utamu wake, hata akapelekewa chupa kila siku.

Snow aliwapelekea wazee wa mtaa habari hizi. Tarehe 8 Septemba, 1854, mkono wa pampu uliondolewa, watu wasiweze kuteka tena. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kuanza kupungua, maana wengi walikuwa wamekimbia. Snow mwenyewe alisema hivyo, hakujitapa.

Lakini swali moja lilibaki. Maji ya kisima yaliingiliwa na nini? Aliyepata jibu hakuwa daktari. Alikuwa kasisi kijana wa mtaa ule, jina lake Henry Whitehead. Mwanzoni hakuamini maneno ya Snow. Alianza kuuliza watu ili aonyeshe kwamba Snow amekosea. Kwa kuwa aliwajua watu wa mtaa wake na wao walimjua, walimweleza yote. Kadiri alivyouliza ndivyo alivyozidi kuona kwamba Snow amesema kweli.

Whitehead aligundua kwamba katika nyumba namba 40, iliyokuwa mbele ya kisima, kulikuwa na mtoto mchanga aliyeugua kuhara kabla ya watu wengine, akafa. Mama yake alizifua nepi za mtoto, na maji ya kufulia aliyamwaga katika karo la nyumba. Karo lilikuwa mbele ya nyumba, chini ya ardhi. Mwaka 1855 karo lile lilifukuliwa. Lilikuwa chini ya meta moja kutoka kisimani. Matofali yake yalikuwa yameoza na kulegea, hata tofali liliweza kutolewa kwa mkono bila nguvu. Bomba lake lilikuwa limeziba. Maji machafu, kwa kukosa njia, yalipita katika udongo, polepole, mpaka ndani ya kisima.

Tuseme tena, ili kila mtu aelewe. Mama yule hakuwa na kosa. Alifanya kama afanyavyo kila mama mwenye mtoto mgonjwa. Kosa lilikuwa chini ya ardhi, katika matofali ambayo hakuna aliyeyatazama na bomba ambalo hakuna aliyelizibua. Lau karo lile lingalichunguzwa na kutengenezwa, watu mamia wasingalikufa.

Mwaka ule ule wa 1854, huko Italia, mtaalamu Filippo Pacini aliviona vijidudu vya kipindupindu kwa hadubini, lakini watu wachache walimjali. Ilipita miaka 30 mpaka Mjerumani Robert Koch, mwaka 1884, alipouhakikishia ulimwengu kwamba vijidudu hivyo ndivyo viletavyo ugonjwa.

4. Ugonjwa wafika pwani yetu

Msidhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu peke yao. Katika karne ile kipindupindu kilifika pwani ya Afrika Mashariki zaidi ya mara moja. Mwaka 1869 kilishuka kutoka upande wa Bahari ya Shamu, kikapita bara katika nchi ya Wamasai pamoja na njia za misafara, kikafika Pangani, kikavuka mpaka Unguja, nacho kiliendelea kuua watu mwaka 1870. Daktari mmoja wa Uskoti, James Christie, alikuwa Unguja wakati ule. Aliuliza wasafiri na wafanya biashara, akaifuata njia ya ugonjwa hatua kwa hatua, kama Snow alivyoufuata mlango kwa mlango. Mwaka 1876 alitoa kitabu juu ya habari hizi, nacho chasomwa na wataalamu wa historia mpaka leo.

Ugonjwa haukuuliza kabila wala dini. Ulifuata maji na watu.

5. Tangi lifanyalo kazi lenyewe

Waingereza walifanya nini baada ya Broad Street? London ilijenga mifereji mikubwa chini ya ardhi. Katika kiangazi cha mwaka 1858 mto Thames ulinuka vibaya mno, kwa kuwa uchafu wa mji wote ulimwagwa mtoni, hata wabunge walishindwa kukaa katika jengo la Bunge lililo kando ya mto. Ndipo fedha zikapatikana upesi. Mhandisi Joseph Bazalgette alijenga mifereji mikuu yenye urefu wa kilometa 130 na zaidi.

Lakini mifereji ya namna hiyo yataka fedha nyingi na maji mengi. Kijiji kitafanyaje? Nyumba iliyo peke yake shambani itafanyaje? Hapa ndipo karo lilipopata akili mpya.

Katika mji wa Vesoul, Ufaransa, fundi Jean-Louis Mouras alijenga, katika miaka ya 1860, tangi lililofungwa vizuri. Bomba la kuingiza na bomba la kutoa yote mawili yaliishia ndani ya maji, hewa isipite. Lilipofunguliwa baada ya miaka mingi, walikuta kwamba uchafu mzito ulikuwa kidogo kuliko walivyotazamia. Sehemu kubwa ilikuwa imegeuka maji. Mouras alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1881. Kisha mwaka 1895, katika mji wa Exeter, Uingereza, mhandisi Donald Cameron alijenga tangi kubwa la namna hiyo, akalipa jina kutoka neno la Kiyunani lenye maana ya kuoza. Gesi iliyotoka katika tangi lake ilikusanywa na kutumiwa kuwasha taa.

Tangi hili lafanyaje kazi? Chukueni chupa ya kioo, tieni maji, mchanga na mafuta kidogo, mtikise, kisha mwiache imetulia. Mtaona sehemu tatu. Mchanga washuka chini. Mafuta yaelea juu. Katikati yabaki maji. Ndivyo ilivyo katika karo. Chini hukaa tope. Juu hukaa utando wa mafuta na povu. Maji ya katikati hutoka kwa bomba, yakaenda katika shimo la pili au katika mitaro, ardhi ikayanywa na kuyachuja. Na katika lile tope wamo vijidudu wasiohitaji hewa, nao hula uchafu usiku na mchana, bila mshahara.

Hapo watu wengi walikosea. Walisikia kwamba vijidudu hula uchafu, wakadhani karo jipya halihitaji kuchotwa kamwe. Si kweli. Vijidudu hula sehemu tu. Mchanga, majivu, vitambaa na vitu vigumu haviliki. Tope hupanda mwaka kwa mwaka. Likifika kwenye bomba la kutoa, hutoka na maji, likaziba shimo la pili, na shimo lililoziba namna hiyo ni kazi kubwa kuliponya. Ndiyo sababu karo la nyumba ya kawaida hupaswa kunyonywa kila baada ya miaka mitatu mpaka mitano, au mapema zaidi kama watu wa nyumbani ni wengi.

6. Tangi lenye magurudumu

Sasa na tulitazame lile tangi la safarini. Katika miaka ya 1920 na 1930, motokaa zilipoenea Marekani, watu walianza kutengeneza nyumba ndogo za kukokotwa nyuma ya motokaa. Nyingi katika hizo hazikuwa na choo. Mwenye haja alitafuta choo cha kambini au alitumia ndoo. Mwaka 1957 kampuni ya Airstream, ambayo mwanzilishi wake ni Wally Byam, ilitoa nyumba ya magurudumu yenye kujitosheleza, yaani yenye taa zake, maji yake na choo chake. Msafiri sasa aliweza kulala nyikani bila kuunganishwa na bomba la mtu. Lakini ndugu zangu, mwaona jambo hapo? Msafiri aliyeachana na bomba la mji amebeba karo lake mwenyewe.

Byam huyu alifika kwetu. Mwaka 1959 aliongoza msafara wa nyumba 41 za kukokotwa kutoka Cape Town, Afrika Kusini, nao ulifika Cairo, Misri, mwaka 1960. Njiani ulipita Uganda, Kenya na Ethiopia, katika barabara za matope na mawe.

Nyumba za magurudumu za siku hizi kwa kawaida zina matangi mawili ya maji machafu. La kwanza hupokea maji ya kuogea na kuoshea vyombo. La pili hupokea uchafu wa choo. Kila tangi lina koki yake chini. Msafiri akifika mahali palipotengwa, huunganisha bomba nene, akafungua koki, uchafu ukashuka katika karo au mfereji wa mahali pale.

Utunzaji wake una sheria chache, na kila sheria ina sababu.

Kwanza, koki ya tangi la choo ikae imefungwa mpaka tangi lipate kujaa kiasi cha theluthi mbili. Mtu akiiacha wazi, maji hutoka peke yake, na uchafu mzito hubaki ukarundikana kama kichuguu chini ya choo. Ukikauka huwa mgumu kama udongo wa tanuri.

Pili, maji yasiwe haba. Baada ya kumwaga, tia maji kidogo tangini kabla ya kuanza kutumia tena. Maji ndiyo yachukuayo uchafu. Bila maji, uchafu hauendi.

Tatu, ukifungua, anza na tangi la choo, kisha fungua tangi la maji ya kuoshea. Maji haya ya pili yatasafisha bomba ulilokwisha kulichafua.

Nne, tumia karatasi laini iyeyukayo upesi. Usitupe chooni vitambaa, pamba wala mafuta ya kupikia.

Tano, vaa glavu, na ukimaliza nawa mikono kwa sabuni. Bomba la kumwagia uchafu lisitumiwe kamwe kujazia maji ya kunywa.

Sita, jihadhari na dawa kali. Wengine hutia tangini dawa za kuua kila kijidudu ili kuondoa harufu. Lakini kumbukeni tangi la Cameron. Dawa hiyo itamwagwa katika karo la kambi, nako huko itawaua wale vijidudu wafanyao kazi. Msafiri ataondoka na gari safi, na karo la mwenyeji litakufa. Deni halikulipwa hapo, limehamishwa tu.

7. Nyumbani kwetu

Wengi wetu hatuna nyumba za magurudumu, lakini makaro na mashimo tunayo. Katika Dar es Salaam watu walio wengi hutumia mashimo na makaro, kwa kuwa mifereji mikubwa haijafika kwao. Magari ya kunyonya maji machafu hupita mitaani, nayo hupeleka mzigo wake katika mabwawa yaliyotengwa, kama yale ya Vingunguti. Lakini palipo na vichochoro vyembamba gari halipiti, na palipo na kipato kidogo fedha ya kulipa gari haipatikani kwa wepesi. Hapo ndipo watu wengine hungoja mvua kubwa, wakatoboa shimo, uchafu ukaenda na mafuriko. Wenyewe huita kutapisha choo.

Ndugu wasikilizaji, sisemi haya ili kuwalaumu maskini. Mwenye nyumba wa London aliyengoja alikuwa na sababu zake pia. Lakini maji hayaulizi sababu. Uchafu uliotapishwa asubuhi hufika kisimani kwa jirani jioni, na katika miguu ya watoto wachezao mtaroni. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaenea katika mikoa mingi na kufika Zanzibar. Miaka 161 ilikuwa imepita tangu kisima cha Broad Street, na dawa ilikuwa imekwisha kujulikana.

Basi tufanye nini? Karo na lijengwe mbali na kisima, upande wa chini wa mteremko. Lifunikwe kwa mfuniko imara, mtoto asitumbukie. Litazamwe kila mwaka: kuta zina nyufa? Bomba limeziba? Tope limefika wapi? Na kama mtu mmoja hawezi kulipa gari, nyumba tatu au nne za jirani ziweke fedha kidogo kidogo kila mwezi. Mnaoujua mchezo wa kupeana zamu katika fedha mmekwisha kuijua njia hii.

Jambo la mwisho ni la uhai. Mtu asiingie ndani ya karo, hata kama limeonekana tupu. Mna gesi ambayo mwanzo hunuka kama yai viza, lakini ikizidi pua hulewa, mtu akadhani imekwisha. Huanguka mara moja. Imetokea mara nyingi, katika nchi nyingi, kwamba wa kwanza ameanguka, wa pili akashuka kumwokoa akaanguka, na wa tatu vile vile. Ukiona mwenzako ameanguka karoni, piga kelele, ita wenye vifaa, wala usishuke.

Haya basi. Tumetoka Erfurt mpaka London, Unguja, Vesoul na Exeter, tukapanda nyumba ya magurudumu, tukarudi nyumbani. Kila mahali tumekuta deni lile lile. Kesho asubuhi, kila mwanafunzi na alitembelee karo lake au shimo lake, alitazame, kisha aje kulieleza darasa alichokiona.

Kwaherini, na Mungu akipenda tutakutana katika somo lijalo.

MANENO YA KUJIFUNZA

Karo: shimo au tangi la kupokea maji machafu ya nyumba.
Tope: uchafu mzito ukaao chini ya karo.
Mfereji: njia ya kupitisha maji, juu au chini ya ardhi.
Kipindupindu: ugonjwa wa kuhara na kutapika uletwao na maji au chakula chenye vijidudu.
Vijidudu: viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa macho matupu.
Koki: kifaa cha kufungia na kufungulia maji katika bomba.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini choo cha kuvuta maji kiliongeza taabu ya mashimo ya London?
2. Wafanya kazi wa kiwanda cha pombe waliponaje kipindupindu mwaka 1854?
3. Karo la nyumba namba 40 lilikuwa na kasoro gani?
4. Eleza sehemu tatu zilizomo ndani ya karo. Onyesha kwa chupa ya maji, mchanga na mafuta.
5. Msafiri atiaye dawa kali katika tangi la gari lake amwumiza nani?
6. Katika mtaa wenu, ni nyumba ngapi zingeweza kuungana kulipia gari la kunyonya? Fanyeni hesabu ya fedha ambayo kila nyumba ingetoa kwa mwezi.